Sura ya Sita: Mistari ya Njano

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa amekwisha kufunga kesi moja kabla hata hajapiga mswaki. Mtu alikuwa amechora treni kwa kalamu ya nta kwenye ukuta wa sebule, kuanzia mlangoni hadi nyuma ya kochi. Watuhumiwa wawili, wa miaka minne kila mmoja, walisimama bega kwa bega wakasema kwa sauti moja kwamba ni paka. Nyumba haikuwa na paka.

Alichuchumaa, akaiangalia treni behewa kwa behewa. Pacha Mdogo, aliyechelewa kuzaliwa kwa dakika kumi na moja, alikuwa na desturi ya kukandamiza kalamu mpaka inakatika. Treni hii ilichorwa kwa mkono mwepesi.

"Mkubwa, lete kitambaa na sabuni."

"Umejuaje, mama?"

"Mkono wako umekusema."

Bibi yao, mama mkwe wake, alicheka akiwa na kikombe cha chai mkononi. "Nenda kazini, mwanangu," alisema. "Huku nitaulinda ukuta."

Kesi ya kazini haikuwa ya kalamu ya nta. Faili lilikuwa jembamba, na kampuni ya bima ilikuwa imempa siku tatu za kuchunguza ajali. Hii ndiyo iliyokuwa ya tatu, Ijumaa. Jumanne, saa tatu asubuhi, pikipiki iliyoitwa Kipanga, ya kwanza na ya pekee ya aina yake, ilianguka kwenye Kona ya Tangi, katika uwanja wa majaribio ulio nyuma ya karakana ilikotengenezwa. Dereva alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu ambaye wote walimwita Mshale. Aliumia kiwiko na kidevu. Kwenye fomu, mbele ya neno "Chanzo", Mkurugenzi wa karakana alikuwa ameandika kwa penseli: uzembe wa dereva.

Ikifika saa kumi alasiri, Mama Pacha alitakiwa ama ayapitishie wino maneno hayo ama ayafute. Yakipitishiwa wino, Mshale angenyang'anywa leseni ya majaribio, na hakuna karakana ambayo ingemkabidhi tena ufunguo.

*

Kipanga ilikuwa katikati ya karakana, imeegemea stendi yake, imelalia kushoto kama mtu anayesikiliza umbea. Ilikuwa nyeusi, ndefu, na tangi lake lilikuwa na mchubuko mmoja upande wa kulia. Usukani ulikuwa mpya.

"Itazame kwa ubavu, mama," alisema mchoraji wake. Alikuwa mwembamba, shati limenyooshwa pasi mpaka linakata, kalamu nne mfukoni. Jina lake la kazini lilikuwa Rula, kwa sababu hakuwahi kutumia rula. "Unaona nini?"

"Pikipiki."

"Unaona paka aliyemwona panya. Tangi ndiyo mabega. Kiti ndicho kiuno. Uzito wote umekaa chini, hapa kwenye injini. Silinda mbili, zimetanuka kama vidole viwili."

"Sifuri mpaka mia kwa sekunde tatu na nusu," Mkurugenzi alidakia. Alikuwa mtu wa kitambi cha furaha, na leo furaha ilikuwa imebaki kitambini tu. "Na mtu mwenye mwili wangu anakaa juu yake kama yuko kwenye kochi la nyumbani. Jumatatu wanunuzi wanakuja kuiona. Mama, nakuomba tumalize hili leo."

"Nieleweshe kwanza. Hii ni ya kutembelea au ni ya mashindano?"

Sauti ilitoka chini ya meza ya vyuma. "Hapo ndipo tunapogombana." Mzee Spana, fundi mkuu, alitokeza kichwa, kisha miwani, kisha mwili mzima kwa awamu. "Ya kutembelea huwa ndefu na iko chini. Unakaa, unanyoosha mgongo, unakwenda zako. Ya mashindano huwa juu, ili ukilala kwenye kona usiparuze lami. Hii inataka yote mawili. Bwana mdogo huyu anaitaka chini, ipendeze. Mimi naitaka juu, ipite. Mwaka mzima tumevutana milimita kwa milimita."

"Nani alishinda?"

"Tuligawana," alisema Rula.

"Mimi ndiye niliyeshinda," alisema Mzee Spana.

Mama Pacha alipiga goti nyuma ya pikipiki. Kati ya tairi la nyuma na madigadi yake kulikuwa na nafasi. Aliingiza ngumi, ikapita. Akaandika daftarini: ngumi. Kisha akalala ubavu sakafuni, na gauni lake la kazi likapata doa la kwanza la siku. Upande wa kulia, bomba la moshi lilikuwa na mikwaruzo mingi mifupi ya kuburuzwa. Hiyo aliitarajia. Lakini chini kabisa, karibu na mwisho wa bomba, palikuwa na mkato mmoja wa kina, ulionyooka kutoka mbele kwenda nyuma, na chuma chake kilikuwa kimebonyea kama kimegongwa na nyundo.

Kikanyagio cha kulia kilikuwa mbele zaidi, karibu na katikati ya pikipiki. Chini yake ulining'inia msumari mnene wenye ukubwa wa kidole cha mtoto. Ulikuwa bado na rangi yake nyeusi, yote.

"Huu ni wa nini?"

"Muulize Mshale," alisema Mzee Spana. "Ndiye anayezungumza nao."

*

Mshale alikuwa nje, amekaa juu ya kreti, plasta kidevuni, miguu mbele ndani ya viatu virefu vipya.

"Shikamoo, dada. Umekuja kunizika?"

"Marahaba. Nimekuja kupima kaburi, kama linakuenea. Ulikuwa unakwenda kasi gani?"

"Themanini na nne. Mashine ya kurekodi si iliwaambia? Ile kona napita na tisini nikiwa napiga mluzi."

"Mkurugenzi anasema kama si kasi, basi uliinama kupita kiasi."

Mshale alicheka kidogo, akashika kidevu, akaacha kucheka. "Huwezi kuinama kupita kiasi bila kujua. Umeona ule msumari chini ya kikanyagio? Uliwekwa makusudi. Ukilala sana, ndio unaogusa lami kwanza. Unasikia krrr mguuni. Maana yake: bibie, hapo ndio mwisho, inuka. Jumanne haukunisemesha. Nililala kama siku zote, nikasikia kishindo nyuma, gurudumu likapaa, na mimi nikawa naangalia mawingu."

"Kulikuwa na lolote tofauti asubuhi hiyo? Hata la kijinga."

"La kijinga lipo. Viatu." Aliviinua. "Mjomba alininunulia kwa ajili ya siku hiyo."

"Mjomba?"

"Mzee Spana. Mama yangu ni dada yake. Basi, nilipopanda nikaona miguu inafika chini yote, mpaka visigino. Kawaida nafika kwa vidole, maana Mungu hakunipa urefu. Nikajua soli nene."

"Vya zamani unavyo?"

Vilikuwa kwenye kabati la nguo. Mama Pacha alitoa futi yake ya kushonea, akapima soli ya kiatu cha zamani, kisha ya kipya. Sentimita tatu. Sentimita tatu. Alipima tena visigino, asije akaambiwa hakupima, akakunja futi.

"Ndiyo kusema nini?" aliuliza Mshale.

"Ndiyo kusema mjomba wako anajua kuchagua viatu."

*

Mkurugenzi alimvizia mlangoni na kumvuta pembeni.

"Sipendi kusema hivi," alinong'ona, kwa sura ya mtu anayependa. "Yule ni mpwa wake. Kama palikuwa na nati imelegea, unadhani mzee angesema? Na Jumanne jioni alibaki hapa baada ya wengine kuondoka. Alibaki na pikipiki."

Lilikuwa jambo la kufuatwa, naye alilifuata. Alimkuta Mzee Spana amesimama mbele ya Kipanga na kikopo cha rangi ya njano.

"Mzee wangu, Jumanne jioni ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nilibadilisha usukani. Uliopinda niliubeba kwenda nao nyumbani, nimeutundikia nguo."

"Ulikaza nati yoyote nyingine?"

Mzee alichukua njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye kikopo, akainama kwenye nati ya usukani mpya, akachora mstari mmoja wa njano uliotoka kwenye nati ukaingia kwenye chuma kilichoishika. Mkono wake ulitetemeka. Mstari ulitoka umejipinda kama funza, na mwishoni ulikuwa na tone.

"Nikishakaza nati, naipiga mstari," alisema. "Ikizunguka hata unywele, mstari unakatika, na mimi nauona. Mwaka wa thelathini na mbili nafanya hivi. Humu kuna mistari mia moja na minane. Jumanne kabla mtoto hajapanda niliikagua yote kwa tochi. Yote ilikuwa mizima. Kama kuna nati ilifunguliwa, mwanangu, basi ilifunguliwa na malaika."

"Na baada ya ajali?"

"Niliikagua tena. Mizima." Alivua miwani na kuifuta kwa shati, ikachafuka zaidi. "Ndiyo maana silali. Ningeikuta nati imelegea ningesema ni mimi, mtoto akapona. Sikuikuta."

Mama Pacha aliandika: 108, mizima, mara mbili. Alipiga mstari chini ya "mara mbili".

*

Kona ya Tangi ilipewa jina hilo kwa sababu ya tangi la maji lililokuwa likivuja hapo tangu siku lilipojengwa. Mlinzi wa geti alimsindikiza, akieleza njia nzima jinsi alivyotabiri kwamba maji yale yatamtoa mtu roho.

"Lami ililoa Jumanne?" aliuliza Mama Pacha.

"Sana. Pengine. Sikuja kuangalia."

Alifungua chupa yake ya maji ya kunywa na kuimwaga pale pale tangi lilipovuja. Wote wawili walitazama. Maji yalisita, yakageuka, yakaenda zao upande wa pili, mbali na barabara, mpaka kwenye kitalu cha maua kilichostawi kuliko kawaida.

"Maua yangu hayo," alikiri mlinzi.

"Yamekusaliti. Niambie, Jumanne wewe ndiye uliyefungua geti?"

"Mimi na Rula. Saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa na mpiga picha. Waliitoa nje wakaipiga picha weee, mpaka saa mbili. Kisha wakairudisha, nikapita karibu yake nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ilivyosimama. Siku zote imelala kwenye stendi hivi," alijiegemeza kushoto. "Siku hiyo ilisimama wima kama mtu aliyemeza ufagio. Nikasema nikiikoholea tu itaanguka upande wa pili, na nitaambiwa nimeivunja mimi. Nikazungukia mbali."

Mama Pacha aliacha kuandika, akamwomba aigize tena. Mlinzi alisimama wima, mikono ubavuni, mashavu yamejaa hewa. Alifanya vizuri sana.

"Na leo?"

"Leo imelala kama kawaida. Imepona."

"Jioni ya Jumanne, mbali na Mzee Spana, alibaki nani?"

Mlinzi alifikiri. "Rula alitoka baada ya mzee. Lakini yule huwa anabaki. Hana mke wa kumgombeza."

*

Chumba cha Rula kilikuwa juu, na feni yake ilizunguka kwa nguvu ya kupeperusha mtu. Karatasi za michoro zilikuwa zimetulia mezani kwa sababu kila pembe ilikuwa na kitu juu yake: kikombe, jiwe, na vibao viwili vya chuma, vimelingana, kila kimoja na tundu huku na tundu huku. Ukutani palikuwa na picha mpya ya Kipanga, kubwa kama mlango.

"Hiyo itakwenda kwenye kila kipeperushi," alisema Rula. "Jua la saa moja. Sikuongeza kitu."

Ilikuwa picha nzuri kwa kweli. Pikipiki ilikuwa imejibana chini, mgongo umeteremka toka kwenye tangi hadi mkiani kwa mstari mmoja usiokatika. Mama Pacha alisogea hadi pua ikakaribia kugusa ukuta. Aliangalia tairi la nyuma na madigadi. Kati yake usingepitisha hata kipande cha mkate, sembuse ngumi.

"Nzuri," alisema. "Iko chini zaidi."

"Ni pembe ya kamera."

"Ah." Aliokota kibao kimoja cha chuma mezani. Karatasi iliyokuwa chini yake ilipepea, akaidaka kwa kiwiko. Ilikuwa mchoro wa sehemu ya nyuma ya Kipanga kwa ukubwa wake halisi: gurudumu, springi, na kati yake vibao viwili vyenye tundu huku na tundu huku. "Na hivi ni nini?"

"Vizito vya karatasi. Vyuma vya zamani."

Alikilaza kibao juu ya mchoro, tundu kwa tundu. La kwanza lililingana. La pili lilipita la kwenye mchoro kwa upana wa kidole. Alikirudisha pale pale alipokitoa, akashukuru, akashuka ngazi. Rula alibaki ameshika kalamu na hakuchora kitu.

Chini, Mama Pacha alimwomba Mzee Spana tochi, akatandika gunia, akaingia chini ya Kipanga chali.

Alikaa huko muda mrefu. Alisoma mistari ya njano mmoja mmoja, kama alivyosoma mabehewa asubuhi. Funza. Funza mwenye tone. Funza aliyekunja mgongo. Alipofika kwenye vibao viwili vinavyoshika springi ya nyuma, alisimamisha tochi. Nati nne. Mistari minne. Akaitazama, akajikuta anatabasamu peke yake chini ya pikipiki.

"Mzee wangu," aliita. "Naomba kile kikopo chako na njiti chache. Na uniitie kila mtu."

*

Ilikuwa saa nane na nusu. Walisimama kuizunguka meza ya vyuma: Mkurugenzi na fomu yake, Mshale, Mzee Spana, na Rula aliyeshuka wa mwisho. Mlinzi alijialika mwenyewe. Juu ya meza palikuwa na bati tupu.

"Kila mmoja anichoree mstari wa njano," alisema Mama Pacha. "Mfupi tu, kama ule wa mzee."

"Tumerudi chekechea," alisema Mkurugenzi, lakini alichovya njiti akachora. Wake ulitoka mnene na mfupi, ukafanana naye. Wa Mshale ulikuwa na haraka, umeruka katikati. Wa Mzee Spana ulikuwa funza. Mlinzi alichora ua.

Rula alishika njiti. Alianza, akasita. Alijaribu kutikisa mkono, ikaonekana wazi kwamba anautikisa. Kisha mkono ukamkatalia, ukaenda zake: mstari mwembamba, ulionyooka, ncha zake mbili zimekatwa sawasawa kama kwa wembe.

"Uharibu," alisema Mama Pacha kwa upole.

"Nini?"

"Chora mwingine. Mbaya."

Rula alichovya tena. Wa pili ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Aliweka njiti chini.

"Siwezi," alisema.

"Nimeona. Chini ya hii pikipiki kuna mistari mia moja na minne ya mzee, na minne ambayo ungeweza kuitundika ukutani. Iko kwenye nati za vibao vya springi ya nyuma." Mama Pacha alimgeukia Mkurugenzi. "Vibao vikiwa vifupi, pikipiki inakaa kwenye urefu wake. Ukiweka virefu, mkia unashuka. Stendi inakuwa imezidi, kwa hiyo inasimama wima, mlinzi anaogopa. Kiti kinashuka, Mshale anafika chini kwa visigino, anavisifu viatu. Na bomba la moshi liko nyuma, linashuka kuliko kikanyagio kilicho katikati. Akilala kwenye kona, msumari haugusi kwanza. Bomba ndilo linalogonga, na linainua gurudumu. Mshale hakukosea. Aliinama kwa kipimo cha pikipiki anayoijua, na aliyopewa si ile."

Feni ya juu ilisikika mpaka chini.

"Virefu vimelalia michoro yako," alimwambia Rula. "Sema mwenyewe, itakuwa fupi."

"Nilivitengeneza kwa ajili ya picha," alisema Rula. Aliongea akiliangalia bati. "Mstari wa mgongo ulikuwa unakatika pale nyuma, sentimita nne tu, na kipeperushi kinakaa miaka. Nikaviweka Jumatatu jioni, nikapiga mistari kama ya mzee ili asihangaike. Nilipanga nikimaliza picha nivitoe kabla ya saa tatu. Tukarudisha pikipiki, nikapanda juu na mpiga picha tuchague moja. Zilikuwa mia mbili. Nilikuwa nimefika ya mia na themanini niliposikia kishindo."

"Halafu ukavirudisha vifupi jioni," alisema Mama Pacha.

"Nilisema nitasema kesho. Kesho nikasema kesho."

Mshale alimwangalia, mkono kidevuni. "Siku tatu, kaka Rula. Siku tatu umenisalimia, ukaniuliza kiwiko kinaendeleaje."

"Nilikuwa nataka kujua kweli."

"Ndiyo ubaya wake."

Mzee Spana alikuwa amevua miwani. Mama Pacha alitarajia hasira, akajiandaa kuingia kati. Haikuja.

"Mimi niliiona ile mistari," alisema mzee polepole. "Jumanne, mara mbili. Nikaimulika. Ilikuwa imenyooka, nikafurahi. Nikadhani mkono umeanza kupona."

Rula alifunika uso kwa viganja. Hilo, kati ya yote, ndilo lililomwangusha.

*

"Basi nifute," alisema Mkurugenzi, akipapasa mfuko kutafuta raba.

"Bado," alisema Mama Pacha. "Nilichonacho ni maelezo. Kampuni inataka ushahidi. Mshale, kiwiko?"

"Kinakunja."

"Daktari amesemaje?"

"Amesema nisibebe ndoo. Pikipiki hakuitaja."

Mama Pacha alitaka kukataa. Mshale alikunja mkono, akaunyoosha, akaukunja tena mbele ya macho yake, akamminya kiganja mpaka pete ikamuuma. Ikabidi akubali, kwa sharti la kasi ile ile, themanini na nne, na mizunguko miwili ya polepole kwanza.

Mzee Spana aliingia chini ya Kipanga mwenyewe. Alifungua nati nne, akapima vibao, akakaza upya kila moja kwa spana yake ndefu. Kisha akaomba njiti. Alipotoka, mistari minne mizuri ilikuwa imekwisha kufutwa, na mahali pake palikuwa na funza wanne, kila mmoja na tone lake.

Walikwenda kusimama Kona ya Tangi, karibu na maua. Saa tisa na robo. Injini iliwaka kule mbali, mlio wake mzito na wa chini, kama mtu mnene anayecheka akiwa amefunga mdomo. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu mlio ulibadilika, ukavuta, na Kipanga ikaja, ndefu na nyeusi, tumbo karibu na lami. Ililala kulia. Ikalala zaidi. Mkurugenzi alishika mkono wa mlinzi.

Krrr.

Cheche ndogo ziliruka chini ya kikanyagio. Mshale aliinuka kwa kadiri ya unywele, akaikata kona, akaondoka zake. Kwenye lami ulibaki mkwaruzo mwembamba mweupe, urefu wa hatua tano, uliopinda kuifuata kona mwanzo hadi mwisho.

Rula alikwenda kuchuchumaa mbele yake. Hakuugusa.

"Huu ndio mstari niliokuwa nautafuta," alisema.

"Basi umeupata," alisema Mzee Spana nyuma yake. "Na umechorwa pikipiki ikiwa juu kwa sentimita nne."

Mama Pacha aliiweka fomu juu ya goti. Alifuta maneno ya penseli, akapuliza vumbi la raba, akaandika kwa wino: pikipiki ilibadilishwa urefu kwa ajili ya kupigwa picha, bila kumjulisha dereva. Akaweka jina la aliyebadilisha, saa aliyokiri, na mashahidi wanne. Mkurugenzi aliisoma, akaguna, akasaini. Alimwambia Rula kwamba Jumatatu yeye mwenyewe ndiye atakayewaeleza wanunuzi, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mia na themanini.

"Na ile ya ukutani inashuka," alisema Mshale. Alikuwa amerudi kwa mwendo wa taratibu, amesimamisha pikipiki mbele yao, helmeti kwapani. Plasta ilikuwa imebanduka upande mmoja. "Utapiga nyingine. Ikiwa kwenye urefu wake, na mimi juu yake."

"Ukiwa juu yake mgongo hautaonekana," alisema Rula, kisha akasikia alichosema mwenyewe. "Sawa. Na wewe juu yake."

"Msumari ulikwambiaje?" Mama Pacha alimuuliza Mshale, kalamu tayari, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi moja imebaki, ya maoni ya dereva.

Mshale aliteremsha stendi. Kipanga ikalalia kushoto, kama ilivyo kawaida yake. Aliinua mguu wa kulia na kuutikisa ndani ya kiatu, kama anayehakikisha.

"Umesema hapo ndio mwisho," alisema. "Andika hivyo hivyo. Na mimi nikausikia."